Mteja Anasema, Fundi Ameona

Daftari langu lina safu mbili. Juu ya safu ya kushoto nimeandika "Mteja anasema", juu ya ile ya kulia "Fundi ameona". Nimefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, tangu nilipofungua karakana hapa Mfaranyaki, na sababu yake ni fupi: wateja ni waongo. Si kwamba wana nia mbaya. Mtu anamwagia kibodi chai, kisha anakuja kukuambia kompyuta imezima yenyewe. Naandika "imezima yenyewe" kushoto, naifungua, nakuta sukari imegandia kwenye nyaya, naandika "chai ya maziwa" kulia. Hatugombani.

Jumatatu ile asubuhi Bi Tadea aliingia amekumbatia kompyuta mpakato iliyofungwa kwa kitenge. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Mtaa mzima ulijua. Binti yake, Agripina Haule, alikuwa na miezi miwili kaburini, na mkwe wake, Fulgence, alikuwa na wiki mbili mahabusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Kandida. Nimekuletea mwenzako. Haamki vizuri."

Nikavuta daftari. "Inafanyaje?"

"Inawaka. Inasema jina lake, inasema alikozaliwa. Ikiulizwa swali la tatu, kioo kinakuwa cha buluu, inazima. Halafu inajiwasha yenyewe, inaanza tena kusema jina lake. Juzi ilifanya hivyo kutwa nzima, nikashindwa kuvumilia, nikaitoa betri." Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Baraza linakaa Alhamisi saa tatu. Isipojibu, wanamwachia."

Nikaandika kushoto: inazima kwenye swali la tatu.

Kila mtu mzima siku hizi ana mkumbuko wake. Unakaa sebuleni miaka yote ndani ya kompyuta kama ile, unasikiliza sauti ya mwenyewe tu, na unajifunza anavyosema, anavyokasirika, anavyojibu akiulizwa jambo. Rekodi yenyewe haihifadhiwi. Yanabaki maneno na namna ya kuyasema, kwa sauti ya kuigiza inayofanana na yake. Mwenyewe akifa, siku ya arobaini baada ya misa au dua, familia inauwasha. Mashine inauliza maswali matatu ili ihakikishe ni yeye: Wewe ni nani? Umezaliwa wapi? Umefikaje mwisho? Akiyapita yote matatu, anahesabika kuwa ni yeye, na Baraza la Mikumbuko linaweza kumsikiliza mara moja kama shahidi.

"Siku ya arobaini ilijibu," Bi Tadea akasema. "Mara moja tu. Tulikuwa watu kumi na wanne. Ikasema, 'Fulgence kaniua.' Halafu ikazima, na tangu siku hiyo haijafika tena hapo. Polisi wakamchukua jioni ile ile."

"Na yeye Fulgence alisema nini?"

"Alichosema tangu mwanzo. Kwamba mkewe aliteleza bafuni, akapiga kichwa kwenye ngazi ya saruji." Akanitazama. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilinitisha kuliko machozi. "Mwanangu alikulia kwenye mawe ya mtoni. Hakuwahi kuteleza."

Alikunja kitenge chake, akakiacha juu ya meza kifunike kompyuta ikifika jioni, akaondoka.

Mashine inayozima kila ikifika mahali pale pale, fundi mvivu atakuambia programu imeharibika, aifute aweke upya. Kwa mkumbuko huwezi. Ukifuta umemfuta mtu, na ukutani kwangu ipo karatasi ya serikali inayosema kuharibu mkumbuko ni kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kwa hiyo nilianza chini kabisa, kwenye umeme. Chaja ilitoa volti zake zote. Betri ilikuwa imechoka kidogo, lakini hata nilipoitoa na kutumia chaja peke yake, ilizima vile vile. Nikafungua mgongo, nikapuliza vumbi kwenye feni, nikapaka dawa mpya ya kupoza ubongo wake, nikaiwasha. Jina. Peramiho. Buluu. Nikatoa kadi moja ya ramu nikaacha ya pili, kisha nikabadilisha. Jina, Peramiho, buluu. Nikaiachia diski kipimo kirefu, kile cha kupita kila kipande kimoja kimoja, nikaenda kula. Niliporudi saa nane hakikukuta hata kipande kimoja kibovu.

Mwili ulikuwa mzima. Basi ugonjwa ulikuwa kwa mwenyewe.

Nikaiwasha kwa hali ya dharura, ambayo haiulizi maswali, inafungua tu orodha. Mkumbuko umejengwa kwa matabaka, tabaka moja kila mwezi, na kila tabaka lina mstari wake: tarehe, saa za sauti zilizoingia, na uhakika kwamba sauti hiyo ni ya mwenyewe. Agripina alikuwa na miaka tisa ya matabaka. Niliyapitia moja moja kwa kidole, na macho yangu yakaanza kuchoka, mpaka la mwisho kabisa. Saa mbili na nusu za sauti, uhakika asilimia tisini na saba, tarehe kumi na nne Juni.

Nikavua miwani, nikaifuta kwa upindo wa gauni, nikaivaa tena. Bado ilikuwa tarehe kumi na nne. Agripina alizikwa tarehe kumi na mbili. Mimi mwenyewe nilikuwepo makaburini, nilitupa udongo.

Ukitaka kujua ilivyotokea, nenda kwenye msiba wowote hapa kwetu. Utaikuta kompyuta ya marehemu iko mezani, karibu na picha na mshumaa, imefunguliwa. Kuna kitufe cha kuifunga masikio. Karani wa vifo anakuja na fomu yake, anawaelekeza wafiwa wakibonyeze siku ile ile, nao wanaitikia ndiyo, ndiyo. Akishageuka hakuna anayekibonyeza. Nani atakayekubali kuonekana amemziba marehemu masikio wakati mwili haujapoa? Mimi nilipofiwa na baba nilijua yote haya, na sikukibonyeza.

Basi mashine ya Agripina ilikaa msibani ikisikiliza, na sauti fulani ilifanana na yake mpaka ikapokelewa. Nililiacha tabaka lile liseme peke yake.

"Mnalia nini?" Agripina akafoka ndani ya karakana yangu. "Mnalilia pilau, nawajua! Nani kanichagulia jeneza jembamba hivi, hamkuniona nina makalio? We Kosmas, acha kujikamua machozi, hukunisalimia mwaka mzima! Na huyu Fulgence, jamani, kaniua, halafu mnampa kiti cha mbele. Mnyang'anyeni hicho kiti! Mnyimeni ugali!"

Nilicheka. Nakiri nilicheka, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kufanya tukisikia maneno ya namna hiyo msibani. Kisha nikaacha kucheka. Huyo hakuwa Agripina. Huyo alikuwa mtani.

Watani wa Wangoni wa kule kwao mtaani ni Wahehe, na Mhehe wa mtaa ule ni mmoja: Semeni Kikoti, muuza mboga, aliyepanga nyumba moja na Agripina, ukuta mmoja katikati. Akivaa kanga ya marehemu na kuanza kumuigiza, watoto wa marehemu wenyewe wanageuka kutazama. Nikampigia simu, nikamwambia kesho apite.

Jumanne alikuja na kapu la mchicha kichwani.

"Hodi kwa watumwa wangu!"

"Karibu, mkimbizi. Leo umekuja bila mkuki?"

"Mkuki wa nini? Nyinyi Wangoni mkiona hata mwiko mnatimua mbio." Akashusha kapu, akacheka, akajimwaga kwenye benchi. "Haya, nimeitika wito. Umepata posa?"

Nikaliacha tabaka liseme. Semeni alisikiliza kuanzia jeneza mpaka ugali, na kwa kitambo kifupi nikamwona anajivuna, kama fundi yeyote anayeona kazi yake imekaa vizuri. Kisha akaelewa anachokisikia kimetokea wapi. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Hiyo ni mimi."

"Ni wewe. Na ndilo neno lililompeleka Fulgence mahabusu. Semeni, kwa nini ulilisema?"

"Utani."

"Semeni. Mimi ni mtani wako. Usinitanie."

Akaanza kupanga mafungu ya mchicha ndani ya kapu, ingawa yalikuwa yamepangwa.

"Ukuta wetu ni mmoja, Kandida. Miaka sita. Nasikia kiti kinaanguka, nasikia sufuria, nasikia mtu anasema basi, basi, yaishe. Asubuhi tunakutana bombani, namuuliza, 'Jirani, vipi hilo jicho?' Ananiambia, 'Nimeanguka.' Mkono ukiwa na bendeji, 'Nimeanguka.' Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akaniambia mambo ya mume na mke hayana jirani. Basi ile siku ya msiba nikasema, leo ni leo. Mtani hakamatwi kwa neno la msibani. Nikamwambia usoni, mbele ya watu wote, kwa sauti ya mkewe. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu." Akainua macho. "Na yeye akacheka."

"Nenda ukaseme Barazani. Kwa sauti yako."

"Niseme niliona nini? Sikuona kitu. Nilisikia ukuta. Wataniuliza, mbona ulilisema hilo ukiwa unacheza na kanga kichwani? Na siku mtani mmoja akishikishwa maneno yake kama ushahidi, nani tena atafungua mdomo kwenye msiba wa mtu? Halafu mimi bado nalala kwenye ukuta ule ule. Wakimwachia, anarudi pale pale."

Nilimwelewa, na nilimchukia kidogo kwa kumwelewa. Akaniachia fungu moja la mchicha mezani, akaondoka bila hata tusi la kuagia. Sijawahi kumwona hivyo.

Jumatano asubuhi nilifanya kilichopaswa kufanywa na fundi mwenye muhuri wa serikali wa kuthibitisha mikumbuko. Nikalihamisha tabaka la tarehe kumi na nne kwenye diski ndogo ya pembeni, nikafunga karakana, nikaiwasha kompyuta kama kawaida.

"Wewe ni nani?" mashine ikauliza.

"Agripina Haule."

Ilikuwa sauti ile ile, lakini chini zaidi, sauti ya mtu anayezungumza huku akisikiliza mlango.

"Umezaliwa wapi?"

"Peramiho. Siku ya mvua kubwa, mama hachoki kuisimulia."

"Umefikaje mwisho?"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Nilianguka, jamani. Sakafu ilikuwa na maji."

Feni ikaendelea kuzunguka. Kioo kikabaki cheupe, na alama ya kijani ikatokea kwenye kona: mkumbuko mzima, tayari kwa Baraza.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana hata mawakili wanalikosea. Mkumbuko haukumbuki kifo. Hakuna mashine iliyokuwa bafuni. Swali la tatu linajibiwa kama mwenyewe angejibu, kwa maneno aliyoyazoea, na msimamizi wa ndani, ile programu inayolinda mashine, akipata jibu moja anaridhika. Akipata mawili yanayogongana anaamini watu wawili wamekaa kwenye mashine moja, anazima, anajaribu upya. Hicho ndicho kilichokuwa kinatokea. Semeni alikuwa anasema kauawa, na Agripina alikuwa anasema ameanguka. Alikuwa amelisema neno hilo miaka tisa. Niliomba orodha ihesabu: mara mia mbili na arobaini na moja.

"Agripina," nikamwambia, "ni mimi, Kandida fundi. Tuko wawili tu, mlango nimeufunga."

"Asante, dada."

"Niambie mimi. Ulianguka kweli?"

"Si nimeshasema? Usinitafutie maneno, dada yangu. Fulgence hana neno. Akichoka ndiyo anakuwa hivyo, wanaume wote wako hivyo. Amekula?"

"Nani?"

"Fulgence. Kuna dagaa kwenye kabati. Wapashwe moto, hapendi wa baridi."

Nikaizima. Nililia, nasema wazi, nililia mpaka kamasi zikanitoka, mwanamke wa miaka hamsini na sita nimeinamia kibodi ya mtu. Nimetengeneza mikumbuko zaidi ya elfu moja, na siku hiyo ndiyo nilitamani mmoja uwe umekufa kabisa.

Nilikuwa na njia mbili za kuiponya. Ya kwanza nilikuwa nimeshaimaliza. Ya pili ilikuwa kulirudisha tabaka la Semeni na kuling'oa lile neno "nilianguka" kwenye matabaka yote ya nyuma. Kazi ya saa nne. Kwa nje mashine ingewaka sawasawa, ingejibu kwa uhakika wa asilimia tisini na saba, na muhuri wangu ungekaa juu yake bila mtu kuuliza. Ile ya kwanza ilikuwa Agripina wa kweli anayesema uongo. Ya pili ilikuwa Agripina wa uongo, na kwa kadiri nilivyoamini mimi na Semeni na ukuta ule, ingesema kweli.

Bi Tadea alifika saa tisa alasiri. Nilimweleza yote, sikumficha hata dagaa. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Weka ile inayosema kweli," akasema.

"Mama, ile siyo Agripina. Ni Semeni."

"Basi Semeni alimjua mwanangu kuliko yeye alivyojijua."

"Nikiiweka ile, kesho mwingine ataniletea mkumbuko wa baba yake nimng'olee maneno yasiyompendeza. Wataacha kuamini mikumbuko yote, mama. Na tukikosea je? Sote hatukuona."

"Mimi nilimwosha," Bi Tadea akasema. "Kabla hatujamvisha sanda. Unataka nikuambie nilichokiona mgongoni?"

Sikutaka. Nilimwambia hilo alipaswa kulisema polisi.

"Nilisema. Wakaniuliza, yeye mwenyewe aliwahi kulalamika? Wakafungua kadi yake ya zahanati. Kila mahali imeandikwa, mgonjwa anasema ameanguka."

Alingoja. Nami nilitazama muhuri wangu pale mezani. Nitasema ukweli hapa maana sina tena wa kumficha: niliwaza heshima ya kazi, ndiyo, na mikumbuko ya watu wengine, ndiyo. Lakini zaidi niliwaza ile karatasi ya ukutani. Kung'oa maneno ni kuharibu mkumbuko. Miaka mitatu. Niliogopa.

"Siwezi, mama," nikasema.

Alinyanyuka taratibu, akanishukuru kwa kazi. Kitenge chake alikiacha pale pale.

Alhamisi saa tatu tulikuwa Barazani. Fulgence aliletwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mtu mpole wa kutazama, akawasalimia wazee wote kwa shikamoo. Kompyuta ikawekwa mezani, ikawashwa. Jina. Peramiho. Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mstaafu wa ualimu, akainama mbele ili asikie vizuri.

"Nilianguka, jamani," akasema Agripina. "Sakafu ilikuwa na maji."

Ukumbi ukashusha pumzi. Wale kumi na wanne waliosikia lile jibu la kwanza walitazamana. Mwenyekiti akaniita mbele.

"Fundi, umeona nini katika mashine hii?"

Nilikuwa na daftari mkononi. Nikasoma kama nilivyoandika. "Tabaka moja la sauti ya mtu mwingine, lililoingia wakati wa msiba, limeondolewa. Mashine ni nzima."

"Kwa hiyo lile jibu la awali halikuwa la marehemu?"

"Halikuwa lake. Lakini, mheshimiwa, hili la sasa nalo, mtu akiangalia alivyokuwa analisema mara—"

"Fundi." Hakunikemea, alinikatiza kwa upole tu. "Tumekuuliza kuhusu mashine. Hayo mengine siyo ya fundi."

Nikakaa. Kwenye mlango wa nyuma nilimwona Semeni amesimama na kapu lake, hakuingia wala hakuondoka. Nilimtazama mpaka akaangalia chini. Nadhani yeye naye alikuwa ananingoja mimi.

Fulgence akaachiwa kabla ya saa tano. Kisha karani akasoma kifungu kinachofuata, ambacho mimi nilikijua tangu zamani na kwa sababu nisizozielewa sikuwa nimekifikiria hata mara moja wiki ile yote: mkumbuko uliokwisha kusikilizwa hukabidhiwa mwenzi wa marehemu, akautunze nyumbani. Fulgence akasaini. Akaifunga kompyuta polepole, akaiweka kwapani. Bi Tadea alinyoosha mkono kama anataka kuigusa, lakini alikuwa ameshapita.

Wiki tatu sikulala vizuri. Nilifanya kazi za chaja na vioo, mikumbuko nikaikataa, nikasingizia macho. Mara mbili nilienda kwa Bi Tadea na kitenge chake, mara mbili niliambiwa amelala.

Jumatano ya wiki ya nne, saa nne asubuhi, Fulgence akaingia karakana. Shati safi, salamu nzuri. Akaiweka kompyuta mezani.

"Fundi, inazima tena. Inawaka inazima. Na kioo kimeingia ufa."

Nikavuta daftari. "Imefanyaje?"

"Imeanguka," akasema. "Ilikuwa mezani. Sakafu ilikuwa na maji, nikateleza nikaigonga."

Nikaandika kushoto: imeanguka.

Kisha nikaifungua mbele yake. Kompyuta ikianguka huanguka kwa pembe, mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo. Pembe zote nne zilikuwa safi, hata rangi haikuchubuka. Mfuniko ndio ulikuwa umebonyea, katikati, mara tatu, mabonyeo ya mviringo yenye ukubwa wa kisigino cha kiatu. Bawaba moja ilikuwa imepinduliwa kinyumenyume. Nikaibana kwa koleo, nikachomeka chaja yangu, nikaiwasha.

"Agripina Haule," akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza. Spika moja ilikuwa imekufa.

"Agripina, ni Kandida. Umefanyaje tena?"

Kioo kikacheza, kikataka kuzima, kikarudi.

"Nimeanguka, dada," akasema. "Mezani. Ni mimi mwenyewe, sikuangalia."

Hana miguu. Hana mwili wa kuteleza nao, na bado alijua la kusema. Fulgence alikuwa anatazama nje barabarani kama mtu asiyesikia.

"Alikuwa anasema nini?" nikamuuliza. "Ulipoigonga."

"Nani?"

"Yeye."

"Ah." Akacheka kidogo. "Maneno mengi. Unajua wanawake. Nimekula, sijala, nitarudi saa ngapi. Kutwa nzima. Itapona, fundi?"

Nikageuka kutazama ile karatasi ya serikali, maana nilikuwa sijaisoma kwa makini siku nyingi. Kwa kuivunja kompyuta hii wangempa miaka mitatu. Kwa Agripina walimpa kompyuta hii.

Nikarudi kwenye daftari, safu ya kulia, nikaandika polepole nisije nikakosea: imepigwa. Mara tatu, kutoka juu, kwa mguu. Chini yake nikaandika tarehe na saa na jina langu kamili, nikagonga muhuri. Kisha nikafungua ukurasa wa nyuma, wa wiki ile ya Baraza, na pale nilipoandika "mashine ni nzima" nikaongeza mstari ambao ulipaswa kuwepo tangu siku ile: mwenye mashine amesema ameanguka mara mia mbili na arobaini na moja. Nao nikaugongea muhuri.

"Kaa hapo kwenye benchi," nikamwambia Fulgence, nikanyanyua simu. "Haitachukua muda."

Akakaa. Nikakichukua kitenge cha Bi Tadea pale kilipokuwa, nikamfunika mtoto wake, nikaanza kupiga namba ya polisi.